Ukienda kwa yatima, uliza kwanza mama yake yuko wapi

Tuanze na jambo ambalo sisi wa Mombasa twalijua ila hatupendi kulisema kwa sauti: watoto wengi tunaowaita yatima kwenye makao ya watoto si yatima. Wana mama, au wana baba, au wana nyanya anayekaanga viazi karai jioni kule Timbwani. Walifika pale kwa sababu ya njaa, karo, ugonjwa, au mama alienda Uarabuni kutafuta kazi akamwachia jirani mtoto, na jirani naye akashindwa.

Si mimi ninayesema. Mashirika ya watoto, likiwemo Save the Children, yamerudia kwa miaka kwamba watoto wanne kati ya watano walio kwenye makao duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Hata neno lenyewe lina mambo. Kwa hesabu ya UNICEF, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu naye ni yatima. Yaani wewe unayesoma hapa huenda ulihesabiwa yatima ulipokuwa mdogo, na mama yako yuko jikoni sasa hivi akikuita uende dukani.

Shika hilo kichwani, kisha twende kambini.

Wajua kambi ninazozungumzia. Kuanzia Juni mpaka Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vikifunga, wageni hushuka uwanja wa ndege kule Changamwe wakiwa wamevaa tishati za rangi moja, nyuma zimeandikwa jina la kanisa na mwaka. Gari huwapeleka Likoni kwa feri, wengine Kisauni kupitia daraja la Nyali. Siku kumi. Asubuhi nyimbo na hadithi za Biblia, mchana mpira na kupaka rangi ukuta, jioni ushuhuda. Siku ya mwisho kila mtu analia. Kisha wanaenda Diani siku mbili kupumzika, halafu nyumbani.

Nawajua kwa sababu nimewatafsiria. Karo iliponishinda nikaacha chuo mwaka wa pili, kazi ya kwanza iliyonilipa vizuri ilikuwa kusimama kando ya mhubiri mgeni na kugeuza maneno yake kuwa Kiswahili. Msimu ule huingiza kitu mtaani: kuna dereva, kuna mpishi, kuna msee wa kamera. Kwa hivyo najua kuna watakaosoma haya na kuniambia namwaga unga wetu. Sawa. Lakini unga wa nani, na unatoka wapi, ni swali la haki kuuliza.

Na sitaki unielewe vibaya. Wengi wa wageni wale ni watu wazuri. Wameomba likizo, wamechanga, wengine hawajawahi kupanda ndege maishani. Hawakuja kumdhuru mtu. Shida si nia yao. Shida ni kazi ambayo kambi ile inafanya baada ya wao kuondoka.

Kwenye kambi moja kulikuwa na msichana wa kama miaka mitano. Siku ya kwanza tu alimrukia dada mmoja mgeni akamkumbatia, akamng'ang'ania mkono siku zote kumi, akawa anamwita mama. Wageni walisema ana upendo wa ajabu. Niliporudi makao yale msimu uliofuata na kundi lingine kutoka nchi nyingine, nilimkuta ameshika mkono wa dada mwingine, kwa namna ile ile na kwa haraka ile ile. Alishajifunza kwamba siku ni chache.

Sisi twaona upendo. Wataalamu wa watoto huona alama ya mtoto ambaye hana mtu wa kudumu, ndiyo maana kila mtu anamfaa. Mtoto wa jirani yako wa Magongo hawezi kumkumbatia mgeni asiyemjua. Atajificha nyuma ya dera la mama yake kwanza, amchungulie. Hiyo ndiyo afya.

Jambo hili limepimwa. Kule Bucharest, Romania, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo. Kwa bahati nasibu, nusu walitafutiwa familia za kuwalea na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa nchi ile. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa wale waliotoka kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Chakula pekee hakikutosha. Mtoto alihitaji mtu mmoja anayemjua, leo na kesho na mwaka ujao.

Nina rafiki aliyelelewa kwenye makao huku Kisauni tangu akiwa na miaka sita. Huyu si mtu wa kuhurumiwa, bana. Alikula, alisoma, anapiga gitaa kuliko wanamuziki wengi wa hoteli. Nyimbo za kambi anazijua zote, na ishara zake za mikono. Alipofika miaka 18 akaambiwa muda wake umekwisha, akatoka na begi. Miaka miwili baadaye alipata habari kwamba ana ukoo mzima Kaloleni, na babu yake mzaa baba amefariki. Akaenda matanga. Hakujua aanze kumwamkia nani. Wazee walipozungumza Kigiriama alikaa kimya kama mgeni wa kanisani. Shamba la babu lilipokuja kugawanywa jina lake halikutajwa, na haikuwa kwa ubaya: waliokuwa pale wengi hawakujua kama yupo.

Makao yake yalikuwa kilomita hamsini na kitu kutoka Kaloleni. Wageni walitoka kilomita elfu kumi kuja kumwona. Miaka kumi na miwili, hakuna aliyepanda matatu kwenda kuuliza watu wake.

Kwa nini? Fuata pesa. Makao mengi hupata michango kwa kuhesabu vichwa. Kila mtoto ana picha, na kila picha ina mfadhili. Mtoto akirudi kwa nyanya yake, mfadhili naye huenda akaondoka. Na mgeni aliyelipia safari ya kuja kuona yatima lazima awakute yatima. Si lazima mkurugenzi awe mwizi ndipo mambo yawe hivi. Mpango wenyewe humlipa mtu kwa kumweka mtoto na haumlipi kwa kumrudisha. Huko Australia, wabunge walipokuwa wakishughulikia sheria ya utumwa wa kisasa iliyopitishwa mwaka 2018, biashara ya kuwaweka watoto kwenye makao kwa ajili ya wafadhili na watalii ilijadiliwa kama sehemu ya utumwa huo.

Utumwa kwetu si neno la kuazima. Ukipita Kengeleni, pale unapokata kwenda Nyali, tazama ule mnara mdogo wa kengele ambao wengi wetu tumeupita mara elfu bila kuuliza. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, kwa ajili ya watu waliookolewa na jeshi la maji la Uingereza kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ililia kuwaonya watu adui akionekana. Miongoni mwao kulikuwa na watoto waliokamatwa mbali sana bara, wengine upande wa Ziwa Nyasa, ambao hakuna aliyeweza kuwarudisha kwao. Hao ndio walikuwa yatima kweli, maana ukoo wao ulikatwa kwa upanga.

Freretown haikuwa pepo. Adhabu zake zilikuwa kali mpaka zikaleta malalamiko. Lakini angalia ilichojenga. Watu walipata mashamba, kazi za mikono, shule na kanisa. Walioana, wakazaa, wakawa na majirani wa maisha. Kutoka huko alitoka James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Na mwanawe ni Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji ambaye wazazi wetu walinyamazisha nyumba nzima kumsikiliza, aliyeaga dunia Februari 2025. Misheni ile ilipokea watu wasio na ukoo, ikakaa nao hadi wakawa na ukoo. Kambi ya siku kumi humkuta mtoto mwenye ukoo, na kila ikirudi inamzoesha kuishi bila huo ukoo.

Kipindi cha Mzee Mbotela kiliitwa Je, Huu ni Ungwana? Naomba kuliazima swali lake hapa.

Je, ni ungwana kwamba wewe kijana wa Changamwe ukitafuta kazi ya ulinzi bandarini lazima uende alama za vidole, ulipe Sh1,050 upate cheti cha tabia njema, lakini mgeni asiyejulikana na mtu mtaani analala kiwanja kimoja na watoto kwa sababu tu ana barua ya kanisa? Hili si la kutisha watu bure. Mwaka 2014 kijana Mmarekani, Matthew Durham, alikuja kujitolea kwenye makao ya watoto Nairobi. Mahakama ya Marekani ilimpata na hatia ya kuwanajisi watoto wale, na mwaka 2016 akafungwa miaka 40. Gregory Dow, aliyefungua makao yake kule Bomet akijiita mmisionari, alifungwa nchini Marekani mwaka 2021 zaidi ya miaka 15 kwa kuwanajisi wasichana aliokuwa akiwalea. Wengi wanaokuja si hivyo. Lakini mlango ulioachwa wazi kwa watu wema uko wazi kwa wote, na mtoto aliyezoeshwa kumkumbatia kila mgeni hatajua wa kumkimbia.

Je, ni ungwana kuguswa na imani ya mtoto bila mwenyewe kuulizwa? Likoni na Kisauni ni mitaa ya dini zote, na wajua mama aliyeshindwa na unga anaweza kuwa Mwislamu. Kushindwa na unga si kutoa ruhusa mtoto abadilishwe dini akiwa na miaka saba, kwa nyimbo na biskuti. Mkristo pia angelia kama ingekuwa kinyume chake.

Na kwa wale watakaoniambia ni amri ya Mungu kuwasaidia yatima, nawaunga mkono kabisa. Waraka wa Yakobo unapowataja yatima unawataja pamoja na wajane. Pamoja. Kambi zetu zimemchukua yatima na kumwacha mjane nje ya geti. Upande wa Waislamu, Mtume mwenyewe alikuwa yatima, na alilelewa na babu yake kisha ami yake, ndani ya ukoo. Dini zetu mbili kubwa hapa Pwani hazikuanza na bweni.

Sasa tupige hesabu, maana watu wa mtaa tunaelewa hesabu. Chukulia kundi la wageni 12. Tikiti ya ndege kwenda na kurudi, tuseme Sh120,000 kila mmoja, na mara nyingi ni zaidi. Hiyo ni Sh1,440,000 kabla hawajanunua hata soda. Mpango wa serikali wa kusaidia familia zinazolea mayatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, umekuwa ukitoa Sh2,000 kwa mwezi kwa nyumba, yaani Sh24,000 kwa mwaka. Gawanya. Tikiti za kundi moja ni sawa na mwaka mzima wa ruzuku kwa nyumba 60. Nyumba sitini ambazo nyanya angesema, sawa, mjukuu wangu anakaa hapa. Na ukuta? Fundi wa Bombolulu angeupaka vizuri zaidi na angelisha watoto wake wiki ile.

Lakini tusiwatupie wageni mzigo wote, maana nawe nakuona. Wewe uliyesherehekea kutimiza miaka 21 kwenye makao ya watoto, na keki, na picha hamsini. Wewe wa kikundi cha vijana kanisani, wewe wa chama cha wanafunzi, wewe wa kampuni inayopeleka unga na sukari kila Desemba huku bango limeshikwa mbele ya nyuso za watoto. Tofauti yetu na wale wenye tishati ni kwamba sisi tulikuja na tuktuk. Mtoto yule hana ruhusa ya kukataa picha yako. Ukiweka uso wake mtandaoni na neno yatima juu yake, siku atakapoomba kazi akiwa na miaka 25 picha hiyo bado iko.

Najua utaniuliza: sasa makao yafungwe, watoto walale nje? Hapana. Kuna watoto ambao kweli hawana mtu, na kuna nyumba ambazo mtoto hapaswi kurudi, kwa sababu anayempiga au kumnajisi yuko ndani. Kuna akina mama na akina baba wanaoendesha makao kwa jasho lao, wamelea watoto ambao wangekuwa wamekufa. Wanastahili heshima. Ninachosema ni kwamba makao yawe daraja, mtoto apite akielekea kwenye familia.

Na hilo si ndoto yangu. Rwanda ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwahamishia kwenye familia watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye vituo 33, na wengi wao wamehamishwa. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha kwenye familia na jamii. Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo inatambua malezi ya kambo na hata kafala, ile njia ya Kiislamu ya kumlea mtoto bila kumfutia jina la baba yake. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi. Karatasi tunazo. Watu ndio hatuna.

Hapo ndipo wewe unaingia. Ukiitwa msimu ujao kutafsiri, kuendesha gari au kupiga picha, sikwambii ukatae pesa. Nakwambia uulize maswali kabla ya kupanda gari, tena mbele ya wageni, kwa Kiingereza chao. Makao haya yamesajiliwa? Afisa wa watoto wa eneo anajua kuna kambi? Hawa wageni wamekaguliwa na polisi wa kwao? Watoto wangapi wana ndugu wanaojulikana, na mwaka uliopita wangapi walirudishwa nyumbani? Jumla ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha uko wapi. Makao mazuri yana jibu, na mkurugenzi atafurahi kuulizwa. Mengine yatakasirika.

Kama una moyo wa kujitolea, na najua unao, usingoje kambi. Mtaani kwako yuko nyanya anayelea wajukuu wanne peke yake. Mfundishe mmoja hesabu kila Jumamosi, mwaka mzima, si siku kumi. Msindikize mama kwa chifu akaulizie ruzuku, maana foleni na fomu humvunja mtu moyo akiwa peke yake. Wewe mwenye kikundi, badala ya keki ya Desemba, lipeni nauli: mtoto mmoja apelekwe kuwaona watu wake Mariakani au Kwale wakati wa likizo, akiwa na afisa anayefaa, akajue kaburi la babu liko wapi na shangazi anaitwa nani. Ukiona mtoto anaumizwa, piga 116, ni bure.

Na kwa wageni watakaosomewa haya na kijana wa Mombasa: karibuni. Njooni muogelee, mle samaki, mabakie wa ibada mbaki. Lakini mkipelekwa kwa yatima, msianze na wimbo. Ulizeni mama yake yuko wapi. Mkiambiwa hajulikani, ulizeni ni nani alienda kumtafuta, na lini.